Ukili, Rozari na Kidonge cha Jioni



Ukurasa huu wa afya mmeuzoea kwa habari za malaria, chanjo, uzazi salama na lishe ya watoto. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya mkeka. Tunajua wapo watakaouliza mkeka unahusiana nini na hospitali, na wengine watasema wauguzi sasa wameishiwa maneno. Vumilieni kidogo. Sisi tunaofanya kazi wodini na kliniki tumeona kwa miaka mingi kwamba akina mama wanaosuka wana kitu ambacho wagonjwa wengi wanakikosa. Kitu hicho ndicho Mama Kanisa anakiita moyo wa ibada, nasi tunasema wazi kwamba kukikosa kumewapeleka watu wengi kaburini kabla ya siku zao.

Tuanze na kazi yenyewe, maana vijana wetu wengi wanaukalia mkeka bila kujua umetoka wapi. Ukindu haushuki kutoka mbinguni ukiwa umechanwa tayari. Mtu anateremka bondeni, upande wa mto Ngono au kando ya ziwa, anachagua makuti machanga ya mkindu ambayo hayajafunguka, anayakata, anayafunga mzigo, anajisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba na kupandisha mlima. Nyumbani anayaanika juani, mvua ikimruhusu, na wote tunajua kwamba mvua ya Bukoba haimruhusu mtu. Yakikauka anayachana kuwa chane nyembamba za upana mmoja. Baadhi ya chane anazichemsha kwa rangi. Ndipo anaketi chini, miguu ameinyoosha, na kuanza kusuka ukili: chane hii inapita juu, ile inapita chini, inarudi, inapita tena. Utepe unaongezeka kidogo kidogo naye anaukunja kando yake. Ukili ukitosha anachukua sindano kubwa na kuunga utepe kwa utepe mpaka upatikane mkeka.

Tufanye hesabu kidogo. Mkeka wa kulalia wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na robo, ukiwa na ukili wa upana wa sentimita 5, unahitaji ukili wa mita 50. Hakuna mtu anayesuka mita 50 kwa siku moja. Anasuka shibiri chache baada ya kutoka shambani, nyingine usiku watoto wakishalala, nyingine akiwa kwenye foleni ya kliniki yetu. Mkeka ni mkusanyiko wa vipande vya muda ambavyo mtu mwingine angevitupa.

Tena ukili una tabia moja. Ukiruka chane moja, kosa halionekani papo hapo. Unaendelea kusuka kwa furaha, na baada ya shibiri mbili unaona utepe umeanza kupinda upande. Hapo hakuna ujanja. Unafumua mpaka mahali ulipokosea, unaanza upya. Tunaomba mkumbuke tabia hii, kwa sababu tutairudia tukifika kwenye dawa.

Wengi tukisikia neno ibada tunafikiri Dominika, kwaya, ubani na mavazi meupe. Hayo ni mema na tunayapenda. Lakini ibada ya moyo ni kurudi. Ni kurudi mahali palepale, kwa Mungu yuleyule, siku ambayo una furaha na siku ambayo huna hamu hata ya kufungua mdomo. Anayesali rozari anajua jambo hili kwa vidole vyake. Salamu Maria 53, zote zinafanana. Mtu asiyeelewa anaona ni kurudia tu. Anayeelewa anajua kwamba katika kurudia huko moyo unatulia na kusogea karibu na Mungu bila kelele, kama ukili unavyorefuka bila mtu kuuona ukirefuka.

Jambo hili ni la kale, tena ni la Afrika. Mtakatifu Antoni Abate, aliyefariki mwaka 356 huko Misri, ni baba wa watawa wote. Wazee wa jangwani walisimulia kwamba siku moja alishikwa na uchovu wa roho, mawazo yakamchafuka, akamlilia Mungu amwonyeshe njia ya kuokoka. Alipotoka nje akamwona mtu anayefanana naye, ameketi akisuka kamba. Yule mtu akainuka akasali, kisha akaketi tena na kusuka, kisha akainuka tena kusali. Alikuwa malaika wa Bwana aliyetumwa kumfundisha, na Antoni akaambiwa afanye vivyo hivyo naye ataokoka. Angalieni, malaika hakumletea ufunuo wa ajabu. Alimletea kamba na sala, kwa zamu.

Yupo na mwingine, Abba Paulo, ambaye habari zake ziliandikwa na Yohane Kasiano. Huyu aliishi jangwani mbali sana, mwendo wa siku saba na zaidi kutoka mjini. Alisuka makuti kila siku kana kwamba anategemea kuyauza ili apate chakula. Pango likijaa kazi ya mwaka mzima aliichoma moto yote na kuanza tena, kwa sababu kuisafirisha kungegharimu kuliko bei yake. Sisi hatumshauri mama yeyote wa Muleba achome mikeka yake! Ada, sabuni na mafuta ya taa vinahitaji fedha. Tunachojifunza kwa Abba Paulo ni kwamba kazi ile ilikuwa inamsuka yeye mwenyewe. Hata kama soko halipo, moyo uliozoea kurudi kwenye kazi ndogo kwa uaminifu hauchomeki.

Hapa niaba ya mgongo nayo izungumze, maana huu ni ukurasa wa afya. Yule malaika alikuwa akiinuka. Akina mama wengi wanakaa chini saa tatu mfululizo, shingo imeinama, halafu wanakuja kwetu wakilalamika kiuno na kufa ganzi miguuni. Inuka kila baada ya fungu la rozari. Nyoosha mgongo, zunguka nyumba, kunywa maji, rudi. Ukisuka usiku kwa mwanga wa koroboi, macho yanaumia na moshi unaingia kifuani. Na kama umepita miaka 40 na chane zimeanza kuonekana kama ukungu, usiseme umelogwa. Unahitaji miwani ya kusomea.

Tukiwa kwenye mambo ya mikono na sala, tuseme neno kuhusu rozari zinazotengenezwa nyumbani. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanapenda kuzitunga kwa mbegu, na ni kazi nzuri sana. Lakini ziko mbegu nyekundu zinazong'aa, zenye doa jeusi kama jicho, zinazoitwa turituri. Mmea wake unatambaa vichakani. Katika nchi nyingi mbegu hizo zimetumika kutungia rozari, hata jina lake la kitaalamu la Kilatini, Abrus precatorius, linatokana na neno la kusali. Zina sumu kali sana. Mtoto akimeza nzima huenda ikapita salama kwa sababu ganda ni gumu, lakini akiitafuna, au ikiwa imetobolewa kwa sindano, inaweza kumwua, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Kwa hiyo msizitumie. Mkiwa nazo nyumbani ziondoeni leo, na mtoto aliyezila aletwe hospitali mara moja hata kama bado anacheza. Rozari ya uzi uliofungwa mafundo inatosha kabisa, na Mama Maria anaipokea.

Turudi kwenye ukili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabitha, yaani Dorkasi, wa mji wa Yafa. Alipofariki walimwita Petro. Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkasi aliwatengenezea alipokuwa hai. Hatusomi kwamba Dorkasi alihubiri mahali popote. Hakuna hotuba yake hata moja. Wajane walileta nguo, na nguo zilisema. Sisi wauguzi tunamwelewa sana Dorkasi kwa sababu katika mkoa wetu tuliwaona wenzake kwa macho yetu.

Wasomaji vijana, mnahitaji kukumbushwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilibaki na bibi na wajukuu tu, kizazi cha katikati kimekwenda. Kahawa ya kibanja haikutosha. Tuliwaona bibi wa miaka 70 wakirudia ukili waliouacha walipokuwa na nguvu, mkeka mmoja ukawa daftari, mwingine ukawa sabuni, mwingine ukatandikwa chini ya mgonjwa aliyekuwa anakufa. Walisuka huku wakisali, na wakati mwingine huku wakilia, na hawakuacha. Watoto wale leo ni watu wazima. Baadhi yao ni walimu, na baadhi ni wauguzi wenzetu.

Wakati ule hatukuwa na dawa ya kuwapa. Tulikuwa na maji ya chumvi na sukari, dawa za maumivu, shuka safi na sala. Tunasema hivi ili muelewe kwa nini tunakasirika leo, na tunakiri kwamba tunakasirika. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Leo wagonjwa wengi wanameza kidonge kimoja tu kwa siku. Anayemeza kila siku bila kukosa, virusi vinapungua mpaka havionekani kwenye kipimo, anaishi, analima, anazaa mtoto mzima, na virusi vikibaki chini kiasi hicho hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Bibi wale wa miaka ya 1990 wangepiga magoti kwa furaha kwa kidonge hicho. Wajukuu wao wanakiacha.

Kwa nini wanakiacha? Sababu ziko nyingi. Wengine ni umbali wa kituo, wengine aibu, wengine njaa, wengine pombe. Sababu hizo tunazijua na tunazijadili nao kwa upole. Lakini iko sababu moja inayovaa nguo ya dini, na hiyo ndiyo inayotusukuma kuandika. Mtu anakwenda mkesha wa maombi, anaambiwa amepona, anaambiwa akiendelea kumeza dawa anaonyesha kwamba hana imani. Anarudi nyumbani, anatupa vidonge chooni. Miezi ya kwanza anajisikia vizuri, maana virusi havirudi kwa kishindo. Ni chane iliyorukwa, mwaonaje? Kosa halionekani papo hapo. Tulimpokea kijana mmoja aliyefanya hivyo, na mahali pa mkesha wala mhubiri hatumtaji. Alikaa bila dawa miezi minane. Aliletwa na pikipiki, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa kaka yake asije akaanguka, kifua kikuu kimeenea mwili mzima. Hakumaliza wiki mbili. Mama yake alituuliza kama imani ya mtoto wake ilikuwa ndogo. Tulimjibu kwamba imani yake ilikuwa kubwa, ila alidanganywa kuhusu mahali pa kuiweka.

Wala siyo jambo la mtu mmoja. Mtakumbuka mwaka 2011 jinsi maelfu kwa maelfu ya watu, na wa mkoa wetu wakiwemo, walivyosafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi iliyosemwa inaponya UKIMWI, kisukari na mengine kwa mara moja. Wapo waliokunywa na kuacha dawa zao za hospitali. Hatuwacheki waliokwenda. Mgonjwa amechoka, na kikombe kimoja ni chepesi kuliko vidonge vya maisha yote. Kila mtu angependa mkeka unaosukwa kwa usiku mmoja.

Wengine watatupinga: Je, Mungu hawezi kuponya mara moja? Anaweza. Tumesali kwa ajili ya wagonjwa wetu, tumewaita mapadre usiku wa manane kuwapa Mpako wa Wagonjwa, na tumeona mambo ambayo daktari hakuyatarajia. Lakini someni Maandiko vizuri. Naamani, jemadari wa Shamu, alifika kwa Elisha na farasi na magari yake, akitarajia nabii atoke nje, amwite Mungu wake, apunge mkono juu ya ukoma wake. Elisha hakutoka hata nje. Alimtuma mtu kumwambia akajichovye Yordani mara saba. Naamani akakasirika akaondoka, mpaka watumishi wake wakamwambia kwa busara kwamba angeagizwa jambo kubwa angelifanya, sasa kwa nini asifanye jambo dogo? Akashuka mtoni. Tunajiuliza ingekuwaje kama angetoka majini baada ya mara ya nne, akajitazama, akasema dawa hii haifanyi kazi.

Tena Bwana wetu aliwaambia wale wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani. Makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi na kuthibitisha. Kwa lugha ya leo, aliwatuma wakapime. Basi anayesema amepona kwa maombi na aje apimwe, nasi tutafurahi pamoja naye, lakini aendelee kumeza dawa mpaka hapo. Na katika Yoshua bin Sira, sura ya 38, kitabu ambacho ndugu zetu wengine hawanacho katika Biblia zao, tunafundishwa kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa, kwa kuwa Mungu ndiye aliyezitoa ardhini. Mapadre Wazungu walipofika Kashozi mwaka 1892 hawakuleta katekisimu peke yake, na hospitali za Rubya na Kagondo hazikujengwa ili kushindana na kanisa lililo jirani.

Kuna jambo linalotushangaza kidogo. Hatujawahi kumsikia mwana Lejio akisema amesahau siku ya tano ya novena. Siku tisa anazihesabu vizuri, na akiugua anasali kitandani. Lakini huyohuyo ana shinikizo la damu na anameza dawa pale tu kichwa kinapomwuma! Dawa ya shinikizo ni novena isiyo na siku ya tisa. Kifua kikuu kina novena ya miezi sita, na anayeishia mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimekwisha anaufuga ugonjwa sugu, ambao tiba yake ni ngumu zaidi, na anawagawia watoto wake usugu huo.

Bibi mmoja wa upande wa Nshamba anakuja kliniki ya tiba na matunzo miaka mingi sasa, na kila akipimwa wingi wa virusi, havionekani. Tulimwuliza amewezaje kutokosa hata siku moja, wakati vijana wenye simu za kuwakumbusha wanashindwa. Akacheka, ukili mkononi.

"Bojo, wanangu, mimi sijawahi kusuka mkeka. Nasuka ukili wa leo, basi. Na kidonge nacho nameza cha leo."

Tukamwuliza anakiweka wapi. Akafunua kikapu chake. Chini ya chane kulikuwa na kopo la dawa, limefungwa kwenye kitambaa pamoja na rozari. Mwanzoni alilificha humo kwa sababu hakutaka wakwe zake walione, na hakuna mwanamume anayepekua kikapu cha ukindu. Baadaye aibu iliisha lakini kopo likabaki palepale, kwa sababu kila jioni akimaliza kusuka anatoa rozari, na rozari ikitoka kopo linatoka pia. Anameza kwanza, kisha Ishara ya Msalaba. Sisi wenye vyeti tuliandika mpango huo kwenye daftari letu na tangu siku ile tunawafundisha wengine: funga dawa yako kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukosa. Kama ni rozari, rozari. Kama ni kukamua ng'ombe, ng'ombe. Anayesuka ana bahati kwa sababu kikapu kinakwenda naye msibani, shambani na hata safarini.

Tungependa viongozi wa WAWATA walifikirie jambo hili. Katika jumuiya ndogo ndogo akina mama wanakutana kusuka, na fedha zinakwenda kwenye mfuko wa wagonjwa. Hilo linafanyika mahali pengi na Mungu awabariki. Ila walikeni na wagonjwa wenyewe waje kusuka. Mgonjwa anayeletewa sukari na mkate kila wiki anashukuru, lakini anabaki mtu wa kuletewa. Mpeni chane. Hata aliyepata kiharusi, mkono wake ukianza kurudi, kazi nyepesi ya vidole inamsaidia kuliko kukaa kitandani akitazama dari. Aanze na chane pana, asiharakishwe, na asichekwe ukili wake ukipinda.

Tumalizie kwa mtakatifu mmoja ambaye Bukoba inamjua kupitia mtoto wake. Shirika letu la Masista wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu limelelewa katika njia yake ile ndogo, ya kumpenda Mungu katika mambo madogo. Teresa mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, karibu nusu karne kabla ya kupatikana dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vyake. Mama yake, Zélie Martin, alikuwa fundi wa kushona lesi katika mji wa Alençon, Ufaransa. Ujanani alitaka kuingia utawa wa kuhudumia wagonjwa, hakukubaliwa. Akafungua kazi ya lesi. Wanawake walifanya vipande majumbani mwao, wakamletea, na yeye akawa na kazi ngumu kuliko zote, ya kuviunga vipande kwa nyuzi nyembamba mpaka mahali pa kuungia pasionekane. Msusi wa Muleba anayeunga ukili anaijua kazi hiyo. Alizaa watoto tisa, akazika wanne wakiwa wadogo, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na mumewe Louis tarehe 18 Oktoba 2015.

Kazi yake ilikuwa sala, nasi hatuna shaka. Lakini tunawaomba akina mama wasome na upande wa pili wa maisha yake. Zélie alikuwa na uvimbe katika titi. Maumivu aliyasikia tangu mwaka 1865, akaendelea na lesi, watoto na wateja. Alipokwenda kwa daktari na kuchunguzwa kikamilifu ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1876, na upasuaji haukuweza kumsaidia tena. Mwezi Juni 1877 alihiji Lourdes, akarudi bila kuponywa, na tarehe 28 Agosti mwaka huohuo alifariki akiwa na miaka 45. Teresa alikuwa na miaka minne. Enzi zake madaktari walikuwa na uwezo mdogo, pengine hata angewahi asingepona. Enzi zetu ni tofauti, lakini bado tunawapokea akina mama ambao titi limekwisha kupasuka na kutoa usaha, na tukiuliza tangu lini, wanajibu tangu mwaka juzi, nilikuwa na shughuli. Vidole vinavyotambua gizani chane moja iliyokatika vinashindwaje kutambua uvimbe?

Mara moja kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, au tarehe moja mtakayoichagua kwa waliokoma hedhi, jitazameni na kujipapasa matiti yote mawili mpaka kwapani. Uvimbe usiouma nao uletwe. Saratani mara nyingi haiumi mwanzoni. Ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, njoo. Uvimbe mwingi si saratani, na tutakuambia hivyo urudi nyumbani ukalale vizuri. Ukihitaji matibabu makubwa tutakuandikia rufaa ya Bugando, Mwanza, ambako upasuaji, dawa na mionzi vinapatikana, na Baba Paroko au jumuiya yako wanaweza kusaidia nauli ya meli au basi. Fika asubuhi mapema, uje na kadi yako ya kliniki kama unayo, na dawa zote unazomeza ukizifunga pamoja. Ukili wako uje nao pia, foleni ni ndefu.